Matembezi ya Siku Moja: Kutoka Stesheni ya Tabora Mpaka Itetemia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetuagiza tuzungumze kwa muda mfupi juu ya mahali pa kale palipo karibu nasi, ili mwanachama aliyehamishiwa Tabora kutoka pwani, au Bukoba, au Moshi, asikae hapa miaka mitatu akaondoka bila kujua alikuwa ameketi wapi. Twaijua desturi yetu sisi makarani. Mtu hushuka garini, hupewa nyumba, huenda ofisini, hurudi, na siku ya Jumapili hulala. Wala hatusemi haya kwa kuwalaumu wengine, maana baadhi yetu tunaosimama mbele yenu tulikaa miaka miwili kabla ya kuiona Kwihara.

Basi tuanze pale ashukapo mgeni, yaani stesheni. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Walioijenga ni Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, na boma lao la mawe lingali juu ya kilima. Katika Vita Kuu ya Kwanza makao ya serikali yao yalihamishiwa mji huu, na hapa hapa mwaka 1916 walipiga sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, na herufi T kuwa alama ya Tabora. Haikupata muda wa kuzoeleka mifukoni, kwani tarehe 19 Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini. Mwanachama wa ofisi ya fedha akibahatika kuonyeshwa sarafu ile, na aitazame vizuri kabla ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Shule ya Tabora hatutaieleza sana. Wengi wa makarani wa kwanza wa nchi hii walifundishwa pale, na Julius Nyerere aliingia kusoma mwaka 1937, kisha baada ya Makerere akarudi mjini kuwa mwalimu katika shule ya St. Mary's. Waliosoma pale huzitaja habari zake hata wasipoulizwa.

Kutoka mjini tunaelekea Kwihara, na hapo ndipo matembezi yanapoanza hasa. Mwendo ni wa maili kadhaa, katikati ya miembe mikubwa. Wazee husema miembe ya njia hii iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Na watu hao walikuwa wengi. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa frasila mbili, yaani karibu kilo 32, nguo na shanga akija bara, pembe za ndovu akirudi pwani. Mbele alikwenda kirangozi, na wote walimfuata. Safari ya Bagamoyo mpaka hapa ilikuwa ya miezi, si ya siku. Mji wenyewe ulikuwa kituo chao, na Burton na Speke walioufikia tarehe 7 Novemba 1857 waliandika jina lake Kazeh.

Pale Kwihara ipo tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa lililoshikwa na boriti, vyumba vikizunguka ua. Mwenyewe alikuwa Mwarabu, Said bin Salim, aliyemkaribisha Stanley mwezi Juni 1871. Stanley alikuja akimtafuta Dokta Livingstone, lakini njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita ya Mtemi Mirambo wa Urambo. Akaingia vitani upande wa Waarabu mwezi Agosti, wakashindwa, akalazimika kuizunguka njia kwa kusini. Alipokwisha kumpata Dokta Ujiji walirudi pamoja, wakafika Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley alikwenda zake pwani mwezi wa Machi. Dokta alibaki peke yake akingoja wapagazi, akaondoka nao tarehe 25 Agosti.

Mwaka uliofuata alirudi akiwa maiti. Susi, Chuma na wenzao walikuwa wakimchukua kutoka nchi ya Ilala, kule kusini, alikofia. Mwezi Oktoba 1873 walimkuta hapa Mwingereza Cameron, naye akawashauri wamzike Kwihara, kwani njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Waliuchukua mwili ule mpaka Bagamoyo, ukapelekwa Uingereza, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Ndani ya tembe mgeni huelezwa mengi ya Dokta. Sisi twawaomba wanachama wasimame kidogo uani na kuwafikiri watu wale wawili, waliopewa shauri na mtu mkubwa nao wakasema hapana.

Tembe aionayo mgeni leo imejengwa upya, maana udongo hauvumilii mvua nyingi bila mkono wa mtu. Na hapa ndipo lilipotupata jambo lililotufanya tuandike hotuba hii. Tulikuwa watu saba, sote wenye kusoma na kuandika, tumefuatana na mtoto mmoja wa shule. Tulipokwisha kuiona nyumba ya Livingstone mtoto aliuliza: na nyumba ya Mtemi Isike iko wapi? Hapana hata mmoja wetu aliyejua. Tulitazamana kama watu walioulizwa faili lililopotea.

Baadhi yetu tumepata kusoma habari za Angkor, mji wa kale wa Wakhmer katika nchi ya Kambodia, ambako wageni hutembezwa kutwa nzima kutoka hekalu mpaka hekalu. Lile kubwa, Angkor Wat, lilijengwa kwa mawe katika karne ya 12, enzi ya Mfalme Suryavarman wa Pili. Mtu akiisoma habari hiyo huona haya kidogo, akidhani kwamba sisi hatuna cha kuonyesha. Lakini na aulize, wafalme wale walilala wapi? Mawe yalikuwa ya miungu. Majumba ya wafalme yalijengwa kwa miti, na nyumba za raia kwa miti na majani, nazo zote zimeoza. Habari zake zimetufikia kwa sehemu kubwa kwa sababu mwaka 1296 alifika huko Mchina mmoja, Zhou Daguan, katika ujumbe wa mfalme wake. Alikaa karibu mwaka mzima, akaandika nyumba zilivyoezekwa, wanawake walivyoishika biashara ya sokoni, na hata namna watu walivyooga. Hakuwa jemadari wala mtawala. Alikuwa mtu wa ujumbe aliyekuwa na kalamu.

Basi turudi kwa Isike. Alitawala Unyanyembe tangu miaka ya 1870, na boma lake liliitwa Isiunula. Mwaka 1892 Wajerumani walilishambulia, wakarudishwa. Mwezi Januari 1893 walikuja tena chini ya Tom von Prince, wakaingia. Isike alipoona ukuta umekwisha kupita alijifungia katika ghala ya baruti akaiwasha. Tuliporudi kuuliza, mzee mmoja alitunyoshea fimbo upande lilikokuwa boma, akatutajia majina ya vijiji vilivyolizunguka, mengine hatukuwahi kuyasikia. Tulikuwa na kalamu mifukoni, karatasi hatukuwa nayo. Tuliandika majina mawili nyuma ya risiti, na mengine tumeyasahau. Mgeni aliyekaa Kwihara miezi sita twaweza kusema tarehe aliyoingia na tarehe aliyotoka. Mtemi aliyefia katika boma lake twaonyeshwa kwa ncha ya fimbo, na mwenye fimbo ni mzee sana.

Mwisho wa matembezi ni Itetemia. Burton alipofika mwaka 1857 aliandika kwamba Mtemi Fundikira alikaa hapa, na watemi wa ukoo huo walidumu mpaka serikali ilipofuta utemi mwaka 1963. Wa mwisho, Abdallah Fundikira, alikuwa pia waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Mgeni atakayetafuta hekalu hapa hataliona. Ataona mashamba, miembe, nyumba za watu, na kama ana adabu ya kubisha hodi na kuketi, ataambiwa hiki kilikuwa kiwanja cha baraza, na ile ilikuwa njia ya kwenda kisimani. Sisi tulikaa pale mpaka jua likashuka. Hii ndiyo sehemu iliyo bora ya safari nzima, nayo haina kiingilio.

Mwaka 2006 serikali yetu iliiandikisha Kwihara kwa UNESCO pamoja na Bagamoyo, Ujiji na vituo vingine vya njia ya kati ya misafara, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Ni jambo jema. Lakini kuyauliza majina ya vijiji vya Isiunula hakungoji barua kutoka Paris.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba chama kinunue daftari moja kubwa lenye jalada gumu, na wanachama wanaofanya kazi Itetemia, Ipuli na Kwihara wapewe zamu ya kuandika. Kila habari iwe na jina la mahali, aliyeieleza, umri wake na tarehe, kama tuandikavyo kila siku mambo yasiyo na thamani hata nusu ya haya. Mzee akikataa jina lake lisiandikwe, lisiandikwe.

Watakaopenda kufuatana nasi Jumapili ijayo wamwarifu Katibu kabla ya Ijumaa. Tutakutana stesheni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tutakwenda kwa miguu, na kila mtu achukue maji, chakula cha mchana, na karatasi.