Mbadhirifu Ni Nani?

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Halmashauri imetutuma tuseme nanyi juu ya neno moja ambalo hutupwa usoni petu kila tuendapo kwa matajiri kuomba nyongeza. Husemwa: "Mkiongezewa mtafanya nini? Nyinyi ni wabadhirifu tu." Na kwa kuwa ni neno la Kiswahili, tumeona tulitazame vizuri kabla ya kulikubali ama kulirudisha.

Mbadhirifu ni neno la asili ya Kiarabu, na shina lake ni mbegu. Mwenye kubadhiri hurusha mali huku na huku kama mtu apandaye kwa kutupa. Lakini mpanzi hutaraji mavuno. Huyu hataraji kitu. Ndugu yake ni mfujaji. Sikio husikia ndani yake kuvuja, kama debe lililotoboka: maji yanakwenda na mwenye debe hana habari. Mponda mali ni mwingine, maana huyo anajua. Anaponda kwa makusudi, watu wakimtazama, na tarehe tano anakuja kwako kuazima nauli. Twamjua, wengine wako hapa wanacheka.

Injili nayo ina mwana mpotevu. Waingereza humwita yule kijana kwa jina la kutapanya mali, lakini waliofasiri kwa Kiswahili walimwita mpotevu, yaani aliyepotea njia. Twaona walisema vizuri zaidi, maana hasara ya baba yake haikuwa fedha.

Wala si kila atoaye ni wa jamii hiyo. Mwenye kulisha wageni na kuchanga kwa maziko ni mkarimu, mtu wa mkono wazi. Asiyetoa kamwe ni mkono wa birika. Mwanachama akimpelekea mama yake fedha nyumbani, akachangia hospitali ya mtoto wa jirani, akabaki mikono mitupu, mtu wa ofisini aweza kuandika kwamba amefuja mshahara. Sisi hatuandiki hivyo.

Sasa sikieni maneno mawili. Masurufu ni fedha za matumizi ya nyumbani: unga, mafuta, sabuni. Israfu ni matumizi ya kupita kiasi. Kwa Kiarabu yana s mbili mbalimbali na hayana udugu, lakini katika midomo yetu s ni moja. Ndivyo mambo yalivyo pale mezani: sisi twasema masurufu, tajiri anasikia israfu.

Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walipata mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima. Tena kima cha chini cha siku zile kilipimwa kwa mtu peke yake, asiye na mke wala mtoto. Mtu huyo angefuja nini? Mtungi mtupu hauvuji. Wafanyakazi wa Mombasa hawakuingoja kamati iwaambie. Walikuwa wamekwisha kugoma mwezi wa Januari 1947.

Hatusemi kwamba hakuna wafujaji kati yetu. Kamari ya simu imewala vijana wetu, na baadhi ya wazee pia. Na tangu mwaka 2019 kuna mkopo wa simu uitwao Fuliza. Kufuliza ni kuendelea bila kukoma. Jina lenyewe lilisema wazi.

Lakini siku hizi ukisoma ubadhirifu gazetini, si habari ya mtu aliyekula mshahara wake. Ni habari ya mtu aliyekula fedha za wengine: za kaunti, za ushirika, za chama. Hapo neno limekuwa la upole mno. Mfujaji humwaga maji ya mtungi wake. Atwaaye ya mtungi wa watu ana jina fupi, mwizi. Kibarua akichukua kilo moja ya sukari stoo, hakuna amwitaye mbadhirifu, huitwa askari. Kwa nini mkubwa apewe neno refu?

Na hilo latuhusu sisi kwanza. Ada zenu hukatwa kila mwezi kabla hamjaziona. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka, lakini mwaka ni mrefu, na mali bila daftari hupotea bila habari. Twaleta ombi hili mlipigie kura: hesabu za tawi zisomwe kila mwezi, kwa sauti, kwa Kiswahili, risiti zikiwa mezani. Na mwanachama akiuliza juu ya nauli za viongozi, sisi tukiwamo, asiambiwe analeta fitina.

Mwenye kupinga na aseme sasa. Mweka hazina yuko hapa na daftari lake. Tumpe nafasi aanze na mwezi uliopita.