Bolti za Injini Hazikazwi kwa Kukisia

(Mazungumzo kwa madereva na mafundi wa Kipini)



Gari lichukualo samaki kutoka Kipini hadi Malindi likichemka maji karibu na Garsen, mwenyewe hupata hasara mara mbili: samaki huoza, na gasketi ya silinda huungua. Fundi hutia gasketi mpya, akakaza bolti kwa nguvu za mkono wake, na baada ya siku chache maji huchemka tena. Hapo lawama humwangukia muuza gasketi.

Mimi nasema tutazame bolti kwanza. Ikiwa legelege, moto na maji hupenya. Ikikazwa kupita kiasi, huvutika hata ikakatika.

Kipimo chake hakijulikani kwa kutazama bodi ya gari. Pikapu moja ya Toyota Hilux yaweza kuwa na injini ya petroli ya 22R, na ya jirani yake, yenye umbo lile lile, ikawa na injini ya dizeli ya 3L. Bolti za 22R hukazwa kidogo kidogo, kwa zamu, mpaka nyutoni-mita 78, yaani futi-paundi 58, zikaachwa hapo. Za 3L huanza na 78 hiyo hiyo, kisha kila moja huzungushwa robo mzunguko, na baadaye robo nyingine. Basi aliyesikia "hamsini na nane" barazani asiulize zaidi, ataiacha dizeli bila kukazwa sawasawa. Tena magari mengi yamekwisha kubadilishwa injini. Kwa hiyo soma alama zilizopigwa juu ya injini yenyewe, ndipo ufungue kitabu chake.

Wako watakaosema kwamba spana ya kipimo ni ghali. Ni kweli. Lakini wachuuzi wa samaki wana mizani ya ndoano. Nyutoni-mita 78 ni sawa na kilo 8 zivutazo mwisho wa mpini wa mita moja, au kilo 16 kwenye nusu mita, ukipima toka katikati ya bolti. Fungeni mizani hapo, mvute polepole, kamba na mpini vifanye pembe mraba. Si kazi ya kujivunia, ila ni bora kuliko kukisia.

Anzeni na bolti za katikati, mwende nje kwa kupishana. Matundu yasafishwe kwanza, kwani mafuta au maji yaliyobaki chini hudanganya kipimo, na huweza kupasua chuma. Kwa zile robo mbili za dizeli, tieni alama ya rangi upande wa mbele wa kila bolti. Mkimaliza, alama zote ziwe zimetazama nyuma.