Nani Mwenye Bakteria wa Ziwa Bogoria?



Ziwa Bogoria, huko Baringo nchini Kenya, ni maji ya magadi makali, na kandokando yake chemchemi zinatokota usiku na mchana. Samaki hawaishi humo. Watalii huenda kutazama heroe. Mimi jioni hii nitawasemea wakazi wasioonekana kwa macho.

Bakteria anayestahimili maji ya namna hiyo ana vimeng'enya visivyoharibiwa na joto wala magadi. Maji ya kufulia nayo huwa ya moto, na sabuni ina magadi yake. Mtengeneza sabuni hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua sampuli kwenye maziwa ya magadi ya Kenya. Baadaye kampuni moja ya Marekani ikauza vimeng'enya vya asili hiyo kwa ajili ya sabuni na kuchakaza jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilidai kuwa nchi haikupata haki yake. Upande wa pili ukajibu kwamba kibali cha utafiti kilikuwepo.

Tusidhani ni msiba wa Afrika peke yake. Bakteria *Thermus aquaticus*, aliyepatikana katika chemchemi za hifadhi ya Yellowstone, Marekani, miaka ya 1960, ndiye aliyetupa kimeng'enya kilichoifanya PCR, mbinu ya kunakili DNA, iwe kazi ya kila siku maabara. Hataza za teknolojia hiyo ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Hifadhi haikupata hata senti.

Enzi hizo angalau mtu alibeba chupa. Siku hizi DNA yote iliyomo katika tope husomwa kwa mkupuo, bila kuotesha bakteria hata mmoja, na ni heri, maana wengi wao hawakubali kuota maabara. Mfuatano wa jeni huwekwa katika hazina za data zilizo wazi. Mtu aliye mbali huuchukua, huagiza jeni iundwe kwa kemikali, kisha huipandikiza katika bakteria wa kawaida. Forodhani hakuna kilichopita.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa kugawana manufaa ya rasilimali za kijenetiki, lakini haikutamka wazi habari ya mifuatano hiyo. Ndipo Februari 2025 ukazinduliwa Mfuko wa Cali, ambao kampuni zinazonufaika na data hizo huombwa kuuchangia. Huombwa tu! Kwa maoni yangu, mfuko wa hiari ni bakuli la sadaka.

Wapo wanaotaka tuzifunge hazina hizo za data. Siungi mkono. Mtafiti wetu anayefuatilia virusi vya batobato ya mihogo hulinganisha mifuatano yake na ya wenzake duniani. Tukifunga, wa kwanza kuumia ni mkulima wa muhogo.

Ninachoomba ni kingine. Chuo hiki kisiidhinishe mradi wowote wa jenomu ambao hautaji mahali sampuli ilipotoka ndani ya rekodi ya data yenyewe, wala usiofanya sehemu ya usomaji katika maabara zetu. Na wenyeji waketi mezani tangu mwanzo. Waendorois, wenyeji wa Bogoria, walihamishwa kutoka huko miaka ya 1970, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa ushindi katika kesi yao kuhusu uhamisho huo mwaka 2010. Mkataba wowote kuhusu bakteria wa ziwa lile usio na saini yao, naomba Seneti iukatae.