Vifaa vya Inchi katika Karakana ya Milimita

(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya mafundi, Kariakoo, Dar es Salaam)



Nimeombwa niseme machache juu ya masanduku ya spana, tapu na dai za inchi yaliyomo katika karakana zetu za Gerezani na Kariakoo. Wapo wanaotaka yauzwe yote kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa hoja kwamba nchi inatumia mita na magari mengi tunayoletewa ni ya Kijapani. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Fedha ya chuma chakavu haitarudisha hata seti moja.

Tuanze na mabomba, maana hapo ndipo penye riziki. Hesi ya bomba liitwalo la nusu inchi ina upana wa nje wa karibu milimita 21, ilhali nusu inchi yenyewe ni milimita 12.7 tu. Jina limebaki, kipimo ni kingine. Hesi hiyo ya Kiingereza, yenye meno 14 katika kila inchi, ingali katika mabomba ya chuma na viungo vyake madukani, na hakuna dai ya milimita iwezayo kuikata. Chama kinachouza dai za mabomba kimeuza kazi yake.

Kisha yapo magari na matrekta ya zamani ya Kiingereza. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, na spana ya 19 huifungua bila taabu. Lakini 9/16 ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza, na kichwa cha boliti huliwa pembe. Spana za Whitworth ndizo mtihani zaidi, kwa kuwa namba iliyochorwa ni ya unene wa boliti, si ya upana wa kichwa. Ile ya nusu inchi ina mdomo unaozidi milimita 23.

Mji wetu umezoea mchanganyiko huu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905, ina upana wa mita moja. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, yaani futi 3 na inchi 6.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kila kitu kibaki kilipo. Nati ya nusu inchi hupanda kwenye boliti ya milimita 12, huonekana imeshika, kisha huchomoka mzigo unapoizidi. Kijana aliyelala chini ya gari hana habari.

Kwa hiyo napendekeza vifaa vya inchi vipakwe rangi nyekundu, vifungiwe kabati lake, na vitolewe kwa sahihi katika daftari la ghala. Boliti na nati za inchi zisikae kopo moja na za milimita. Rula zenye inchi peke yake ziondolewe mezani. Spana zilizopanuka midomo na dai zilizovunjika meno, hizo ziuzwe kwa kilo, na fedha yake iingizwe katika mfuko wa vifaa kwa stakabadhi, kabla ya hesabu za mwaka kufungwa.