Pikipiki Kuukuu ya Magurudumu Manne: Uifufue au Uiache?

Kama una pikipiki ya magurudumu manne iliyolala bandani miaka mingi, ikague kabla hujatoa hata shilingi.

Anza na fremu. Gonga mabomba yake kwa nyundo ndogo, hasa kwenye maungio na chini ya betri. Chuma kikibonyea au kikimwaga unga wa kutu, iache. Pikipiki zilizotumika ufukweni zichunguze zaidi, maana chumvi hula chuma kwa ndani.

Kisha injini. Chomoa kijiti cha oili: oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda. Mgandamizo ukiwa hafifu, huenda ukahitaji pistoni, ringi na kuchonga silinda, na hapo ndipo fedha nyingi huishia.

Kabureta chafu, betri iliyokufa na matairi yaliyopasuka visikutishe, hivyo vinatengenezeka.

Mwisho, ulizia spea madukani, uandike bei zote na gharama ya ufundi, ujumlishe. Jumla ikizidi bei ya pikipiki nyingine iliyo nzima, iuze kama spea. Ikiwa chini, na breki ukazitengeneza kwanza, ifufue kwa moyo mkunjufu.