Kitabu cha Likizo Akitaje Mwanafunzi

Shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya Juni. Matranka yanavutwa kutoka chini ya vitanda vya mabweni, nao walimu wanagawa fotokopi za kazi za likizo, kurasa kwa kurasa. Kwenye Kiswahili agizo ni lile lile la kila mwaka: soma riwaya fulani, kisha jadili dhamira, wahusika na mandhari.

Mimi nasema riwaya inayosomwa hivyo imeshachambuliwa kabla haijasomwa. Mjini, jirani na shule za sekondari, utakuta vibanda vya fotokopi vinavyouza uchambuzi uliochapwa tayari, na mwanafunzi anaweza kujibu swali zima la riwaya bila kuifungua riwaya yenyewe. Simlaumu. Ameulizwa dhamira, amepeleka dhamira.

Sasa wasikilize wanafunzi hao hao wanapopendekezeana vitabu wao kwa wao. Niliwasikia wawili ndani ya daladala, wa kidato cha tano, wamesimama wameshikilia bomba. Mmoja alikuwa na Mfadhili cha Hussein Tuwa. Kilikuwa kimefunikwa kwa gazeti, mgongo umeshikwa na seloteki, na upande wa ndani wa jalada majina ya waliokiazima yamepangana kwa kalamu za rangi tofauti, mengine yamekatwa. Hakutaja dhamira hata moja. Alimwambia mwenzake, "Usikisomee darasani, utalia watu wakuone." Akataka kuendelea kusimulia, mwenzake akaziba masikio: "We, usinimalizie!" Waliposhuka, kitabu kilikuwa kimehamia kwenye begi la yule wa pili. Hakuna aliyemlazimisha akichukue.

Ndiyo maana naomba jambo moja kwa walimu wetu. Siku ile ya mwisho, mitihani imekwisha na darasa limechangamka, tengeni kipindi kimoja tu. Kila mwanafunzi asimame ataje kitabu kimoja alichokipenda, aseme kilimfanya nini. Mwalimu akae nyuma, asisahihishe. Orodha itakayojaa ubaoni haitafanana na ya wizara, na hiyo ndiyo faida yake. Atatokea mmoja aliyekuta kwa babu yake Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, akampenda mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Mwingine ana binamu Kenya aliyemletea Siku Njema cha Ken Walibora, na safari ya Kongowea kutoka Tanga kumtafuta baba yake imemkaa moyoni. Yupo atakayetaja Vuta n'kuvute cha Adam Shafi kwa sababu aliona filamu yake kwanza, akataka kujua zaidi habari za Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa mwanamume wa umri wa baba yake.

Na watataja vingine vya upelelezi. Naomba tusikunje uso. Elvis Musiba alimtuma jasusi wake Willy Gamba hadi Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi, na wengi wetu ambao leo tunaitwa wazazi tulijifunzia pale kukesha na kitabu, taa ikizimwa tunahamia kwenye kurunzi. Tulipofika kwa Shaaban Robert, miguu ilikuwa imeshazoea mwendo. Kumbukeni pia kitabu cha Rosa Mistika. Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, wakubwa wakashtuka, kikapigwa marufuku shuleni, na baadaye shule hizo hizo zikakifundisha. Vijana waliendelea kupeana wakati wote huo. Katika hilo walitutangulia.

Lakini kupendekeza bila kitabu chenyewe ni maneno matupu, na hapa ndipo panaponiuma. Shule nyingi zina vitabu. Vimefungiwa kwenye kabati la ofisi ya taaluma, na mwezi ambao mtoto ana nafasi ya kusoma ndio mwezi ambao ufunguo unasafiri na mwalimu. Sababu inayotolewa ni kwamba vitapotea. Vingine vitapotea, kweli. Lakini kitabu kilichopotelea mikononi mwa wasomaji kimefanya kazi yake, na kilicholiwa na mchwa kabatini hakikumfaa mtu. Kiranja apewe daftari: jina, kitabu, tarehe ya kurudisha. Watoto wetu wanaweza kuaminiwa kwa hilo. Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu pale Dar es Salaam mwaka 1967, haikujengwa ili vitabu vilindwe dhidi ya wasomaji. Walio karibu na maktaba ya mkoa waulizieni kadi ya mtoto kabla Juni haijaanza.

Najua pia kwamba kwa wengi likizo si mapumziko. Juni kijijini ni mavuno ya mahindi na maharage, ni kuchota maji, na kwa msichana ni jiko na mdogo wake mgongoni. Kaka yake akimaliza shamba huruhusiwa kwenda uwanjani, lakini yeye akimaliza vyombo huonyeshwa nguo za kufua. Huyu naye amependekezewa kitabu na rafiki yake, kakifunga ndani ya kanga, kakileta nyumbani, na kinarudi Julai hakijafunguliwa. Mama, baba, mpeni saa moja. Jioni, taa ya sola ikiwa imewashwa, saa moja asiitwe.

Na ukimkuta amejikunyata na kitabu chenye jalada la gazeti na majina ya watoto usiowajua, usimwulize ni cha somo gani. Mwulize amefika wapi, na akimaliza, mwombe na wewe akuazime kabla hajakirudisha.