Watu Mashuhuri Waliokutana na Kiongozi Safarini: Maoni Yanayopotea Kabla ya Kufika Masijala



Waandaaji wameniomba nianze na maana ya maneno. Taarifa ya safari ni maelezo rasmi ya ziara ya kiongozi. Shajara ni maandishi ya kila siku ya mwandishi mwenyewe. Nyaraka ni kumbukumbu zinazostahili kutunzwa. Haya sote tunayajua, kwa hiyo naomba niyapite, niende kwenye jambo linalonikera miaka yote ya kazi yangu: taarifa zetu humtaja kila mtu mashuhuri aliyeonana na kiongozi, lakini hazisemi kiongozi alimwonaje.

Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro (yaani waziri mkuu) wa Buganda, alikwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward VII. Alifuatana na katibu wake, Ham Mukasa, na mmisionari Ernest Millar aliyekuwa mkalimani. Sherehe ilipangwa kufanyika Juni 26. Siku mbili kabla yake mfalme akafanyiwa upasuaji, ikaahirishwa hadi Agosti 9, na wageni wakapata muda zaidi wa kutembea na kuonana na watu. Mmoja wao alikuwa msafiri Henry Morton Stanley.

Hapa naomba tutulie kidogo. Stanley alikuwa amefika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1875, na barua aliyoipeleka Uingereza ndiyo iliyowaita wamisionari waliofika Buganda miaka miwili baadaye. Kagwa, aliyeanza utumishi kasrini akiwa kijana, alikuwa Mkristo kwa sababu ya ujio huo. Sasa anamkuta mtu huyo nyumbani kwake, uzeeni. Kama katibu angeandika tu kwamba Katikiro alionana na Bwana Stanley, tungebaki na nini? Mukasa hakuishia kwenye majina. Aliandika jinsi walivyopokewa na walichoonyeshwa, akayapima ya ugenini kwa vipimo vya kwao.

Lakini kitabu cha safari hiyo kilichochapwa London mwaka 1904 ni tafsiri ya Millar kwa Kiingereza, ilhali Mukasa aliandika Kiganda. Maoni juu ya mtu yamepita jicho la Katikiro, kalamu ya Mukasa, kisha kalamu ya mmisionari. Ukurasa unapomsifu mwenyeji, sifa hiyo ni ya nani? Na adabu ya mgeni ambaye nchi yake iko chini ya himaya ya mwenyeji imechangia kiasi gani? Sisemi kitabu kisiaminiwe. Nasema maswali hayo hujibiwa kwa maandishi ya kwanza, na hayo ndiyo tunayoyapoteza. Safari ya Sultani Barghash wa Unguja, aliyepokewa na Malkia Victoria mwaka 1875, nayo tunaisoma kwa Kiarabu cha katibu wake, Zahir bin Said. Kila mara anayetuletea sauti ya mkubwa ni katibu.

Nasema yafuatayo kwa tahadhari, bila kuilenga ofisi yoyote. Katibu husafiri na daftari. Akirudi, taarifa huchapwa, na mkubwa wake hufuta kila sentensi yenye maoni. Daftari huenda nyumbani ndani ya mkoba, na mwenyewe akifariki, huchomwa pamoja na karatasi nyingine. Nimeuliza mara nyingi kwa nini daftari haliletwi masijala. Wengine hunijibu kwamba daftari ni mali binafsi, wengine kwamba ni siri ya serikali. Kama ni siri, kwa nini lilale kabatini kwa mtu? Kama ni mali binafsi, kwa nini hatumwendei mwenyewe kwa heshima tukamwomba nakala angali hai?

Kwa hiyo napendekeza daftari la safari litolewe na masijala, lipewe namba, na lirudishwe masijala. Maoni juu ya watu yasifutwe; yawekwe kwenye kiambatisho kilichofungwa kwa muda ambao sheria inaruhusu. Katibu aonyeshe wazi lipi ni neno la kiongozi na lipi ni lake. Maneno yaandikwe kwa lugha iliyosemwa, na tafsiri isifanywe kabla asili haijahifadhiwa. Mkalimani naye aandike, kwa sababu husikia pande zote mbili. Taarifa iwe na nafasi ya kueleza mtu alivyopokea wageni, aliuliza nini, alikwepa nini. Makatibu wastaafu watembelewe mapema, na familia zao zielezwe thamani ya karatasi hizo kabla ya msiba, si baada yake. Narudia kuhusu daftari, kwa kuwa mapendekezo mengine yote yanalitegemea: lisipopewa namba kabla ya safari, hakuna atakayelidai baada yake. Naomba kikao cha mchana kiamue ni nani atakayesaini kulitoa na nani atakayesaini kulipokea.